Kichwa Kilichoungwa Mbele ya Neno

Karakana kwangu,
Tarehe 4, mwezi wa pili

Kwa mjukuu wangu mwalimu, mke wangu mdogo,

Pokea salamu nyingi kama maranda yaliyojaa chini ya benchi langu. Mimi mzima. Meno yamebaki tisa, lakini tisa yangu yanatafuna kuliko thelathini na mbili ya vijana wa siku hizi. Shangazi yako hajambo, anakusalimu na anauliza sufuria yake uliyoondoka nayo. Mlango wa jikoni nilioutengeneza mwaka uliozaliwa wewe bado haujalia bawaba hata siku moja. Nenda kwa fundi mwingine yeyote umuulize kama ana mlango wa namna hiyo.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Darasa la watu wazima nilimaliza wa kwanza. Tulikuwa watatu na mmoja alihama kabla ya mtihani, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Sasa sikiliza. Mke mwenzio yule mkubwa, bibi yako, anaumwa. Ule uvimbe wa shingoni uliokuwa ukiuchezea ulipokuwa mdogo umekua kwa ndani. Kwa nje huoni tofauti, ila ndani umeikumbatia njia ya hewa. Unajua watu wanavyomwita Tarumbeta. Akisimama mlangoni mwa jikoni akaita, mimi nasikia karakana, vichochoro vitatu mbali, na wateja wanacheka, "Fundi, tarumbeta limelia, nenda ukale." Bado linalia, lakini sasa akiita mara moja inabidi ashike ukuta.

Daktari wa upasuaji amesema ukatwe. Ametupa fomu ya karatasi tatu, Kiingereza mbele na nyuma. Tuisome, tukubali, bibi aweke alama yake na mimi saini yangu, tuirudishe, ndipo apangiwe siku. Nitaweka saini nikishaisoma.

Ninayo kamusi, ile niliyopewa na mwalimu niliyemtengenezea kabati. Ni ndogo, haina jalada, lakini kamusi ni kamusi. Tatizo ni hili. Natafuta "unable", naikuta "able" peke yake. Natafuta "discomfort", naikuta "comfort". Wewe ungesema kamusi mbovu. Mimi nimekaa na mbao miaka hamsini, nikatazama, nikaona kiungo. Hayo maneno yameungwa kipande mbele. Kiwiliwili kimo kwenye kamusi, kichwa hakimo.

Kwa hiyo niandikie vichwa. Viko vingapi, na kila kimoja kinaufanya nini mwili kikishaungwa. Karatasi usinisomee. Nataka vichwa tu.

Ni mimi babu yako, fundi seremala.


Nyumba za walimu,
Tarehe 16, mwezi wa pili

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Na bibi mpe shikamoo yake peke yake, usimchanganyie na yako. Mimi sijambo. Chumba changu kinavuja upande mmoja, nimehamisha kitanda. Wanafunzi wa darasa la sita ni hamsini na wanane na chaki ni moja kwa siku. Sufuria ya shangazi ninayo, mwambie inapika vizuri.

Nilipofika pale ulipoandika kuhusu kiungo nilisimama nikacheka peke yangu. Hilo uliloliona wewe kwa macho ya mbao, wanafunzi wangu nimewahangaikia muhula mzima hawajaliona. Na si jambo geni kwetu, babu. Sisi tunasema nasoma, tukigeuza tunasema sisomi, husomi, hasomi. Kinachogeuza kimekaa mbele. Wazungu nao hivyo hivyo, ila vichwa vyao ni vichache na ukishavijua vinatumika kila mahali.

Kichwa "un" kinakataa. "Happy" ni mwenye furaha, "unhappy" furaha imeondoka. "Dis" nacho kinakataa au kinatengua, "agree" ni kukubali, "disagree" ni wewe unapoongea na jirani yako fundi cherehani. Kipo "in", nacho ni cha kukataa, lakini hiki kinavaa kofia kulingana na mwenyeji. Kikiwa mbele ya "possible" kinakuwa "im", mbele ya "legal" kinakuwa "il", na mbele ya neno linaloanza na R kinakuwa "ir". Kofia tofauti, kichwa kilekile, kazi ileile: hapana. "Re" ni tena. "Pre" ni kabla na "post" ni baada. "Mis" ni kufanya jambo vibaya au kombo. Lakini uwe macho, si kila mwanzo wa neno ni kichwa kilichoungwa. Maneno mengine yamezaliwa hivyo.

Babu, sasa nisikilize na mimi. Nesi angekusomea karatasi hizo kwa dakika kumi. Kwa nini unajitesa, na unamtesa bibi? Ningekuwa huko ningeisoma mwenyewe, ila niko kwenye muda wa majaribio hadi mwezi wa sita. Mkuu wa shule amesema wazi, mwalimu wa majaribio akikosa siku tatu nafasi yake anapewa mwingine. Nitapiga simu ya fundi cherehani Jumamosi. Tafadhali njoo uongee.

Mjukuu wako.


Karakana,
Tarehe 2, mwezi wa tatu

Kwa mwalimu wangu, mke mdogo,

Marahaba. Bibi naye marahaba yake hii hapa kando, hatujaichanganya. Tuko salama. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku langu la randa na mimi sijamfukuza, watu wasiseme sina huruma.

Vichwa vyako nimevimeza vyote. Duka la vioo lililofungwa lilibandika karatasi mlangoni "reopen", nikawasomea watu waliosimama pale, kufungua tena. Mmoja akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa mke wangu mdogo. "Uncle" ilinisumbua siku mbili, nilikata "un" nikawa natafuta hiyo "cle" kamusi nzima. Fundi cherehani akasema ni mjomba. Nikamjibu nilijua, nilikuwa nampima.

Kuhusu simu, alikuja anakimbia ameishika mkononi wewe ukiwa ndani unaita. Nilimwambia akwambie niko juu ya paa. Nilikuwa nimekaa, kweli, lakini simu sina imani nayo. Neno la simu likishapita huwezi kulirudia ukalitazama. Karatasi naiweka mfukoni, naitoa, naisoma tena, ikinidanganya naikamata.

Na hilo la nesi usilirudie. Nesi ni binti mzuri na amejitolea mara mbili. Nimekataa mara mbili. Sababu ninayo na ni yangu.

Bibi yako sasa analala ameketi. Akijinyoosha hewa inakatika. Nimemtengenezea kiti chenye mgongo wa kulala nyuma kidogo, nimekijaribisha pembe nne tofauti mpaka akasema hapa. Hospitali nzima hawana kiti kama hicho. Kuita haiti tena, anagonga mwiko kwenye sufuria, nami nikisikia nakwenda. Karibu kila mara nasikia. Siku nyingine jirani ananiambia.

Karatasi ya kwanza nimeimaliza. Inasema "preoperative", kabla ya kupasuliwa, asile kitu tangu jioni ya siku iliyotangulia. "Discontinue" dawa fulani, yaani asiendelee nazo. Nimesoma sawasawa au sivyo? Ya pili nimeikopi yote kwa mkono ndani ya bahasha hii, herufi kwa herufi. Imenichukua siku nne. Hiyo ina maneno marefu kama boriti. Nimeandika chini ya kila mstari nilichoelewa na nimeacha wazi nisichoelewa. Usinisomee. Nisahihishe tu.

Babu yako.


Nyumba za walimu,
Tarehe 13, mwezi wa tatu

Babu,

Shikamoo. Nisamehe sitasalimia kwa urefu leo. Barua yako imenikuta asubuhi na nimeisoma nikiwa nimesimama mbele ya darasa, nikawapa watoto zoezi la kunakili ili wasinione.

Bibi analala ameketi na wewe unanakili herufi siku nne. Babu, huo si usomi. Naomba uniwie radhi kwa kusema hivyo lakini nimesema.

Karatasi ya kwanza umeisoma sawasawa. Ya pili sikusahihishi, nakufasiria yote hapa hapa tumalize. Inasema atalazwa usingizi kwa dawa, hatasikia kitu. Inasema atatokwa na damu kiasi, na ikizidi ataongezewa nyingine. Inasema atabaki na kovu jembamba shingoni. Inasema sauti inaweza kubadilika kwa muda, kisha itarudi yenyewe. Ya tatu ni ya majina na saini, hizo fomu zote zinafanana. Hakuna la kutisha.

Babu, hujawahi kuniona nakupigia magoti. Weka saini. Bibi aweke kidole. Ipelekeni kesho asubuhi.

Mjukuu wako.


Wodini,
Tarehe 3, mwezi wa nne

Mwalimu,

Sisi wazima kiasi. Shangazi yako hajambo. Sufuria anasema baki nayo.

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini, limelegea mguu mmoja, nimewaambia nitakuja na gundi. Bibi yako amelazwa tangu juzi. Wana mtungi wa hewa na mrija unaingia puani. Pumzi yake inapiga mluzi, mlangoni unausikia kabla hujamwona.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita. Niliifurahia. Nikachukua kalamu, nikachukua fomu, nikaingia ndani nikamwambia mke mwenzio, mama, tayari, hakuna la kutisha, lete kidole. Akaniangalia. Akaniuliza, "Umesoma, au umesomewa?"

Nikasema nimesoma.

Akasema, "Soma basi nisikie."

Nikarudi karakana. Nikakaa na karatasi ya pili mbele na barua yako pembeni, nikaanza kulinganisha kama ninavyolinganisha mbao mbili kabla ya kuziunga. Usingizi sawa. Damu sawa. Kovu sawa. Nikafika kwenye sauti. Wewe umeandika kwa muda. Karatasi imeandika "irreversible".

Unafikiri sikulijua neno hilo? Kwenye yadi ya mbao, lori likirudi nyuma, utingo anapiga bodi anaita "reverse, reverse". Miaka hamsini nimelisikia. Hiyo ni kurudi. Hapo mwishoni, "ible", ni ndugu ya ile "able" ya kwenye kamusi, ni kuweza. Na mbele, mwalimu, mbele kuna kichwa ulichoniunganishia wewe mwenyewe kwa mkono wako, kofia ya mwenyeji wa R. Hapana. Kisichoweza kurudi. Na mstari wa juu yake ni "loss", nayo imo kwenye kamusi, ni kupotea.

Sauti ya Tarumbeta inaweza kupotea isirudi, na wewe ukaniandikia itarudi yenyewe.

Nilikaa siku nyingi sijui nikufanye nini. Nilikuwa na watu wawili tu duniani ambao neno lao silipimi kwa futi. Sasa nina mmoja, na pumzi yake inapiga mluzi.

Sikutaka kukwambia hili. Bibi yako naye hakutaka. Sasa nitakwambia, kwa sababu nawe umeingia kwenye hesabu ya karatasi zilizonidanganya.

Mama yako hakufa kwa homa. Aliingia hospitali moja kwa tumbo, wewe una miaka minne. Mtu mmoja mwenye koti jeupe alinijia mbio na karatasi, akasema mzee, hii ni ya kulazwa tu, weka kidole. Nikaweka. Sikujua hata A wakati huo. Ilikuwa ni ya kupasuliwa. Mama yako alitoka akiwa amefunikwa. Tulipokwenda kuuliza, wakatoa karatasi ileile wakatusomea: nimeelezwa hatari zote, nimezielewa, nimekubali. Chini yake kidole changu.

Njiani kurudi bibi yako aliniuliza, "Waliokueleza walikueleza nini?" Nikasema hawakunieleza kitu. Akasema, "Lakini kidole chako kinasema uliambiwa."

Hajalirudia tena neno hilo mpaka leo. Ila mwezi wa pili, tulipopewa fomu hii, aliishika akaniambia, "Mimi kidole changu hakitasema uongo. Utanisomea wewe, kwa macho yako, mpaka mwisho." Kidole kile cha mama yako ndicho kilichonipeleka zamani darasa la watu wazima nikiwa na mvi, nikamaliza wa kwanza. Ndiyo maana nesi nimemkatalia. Si ubishi. Au ni ubishi, lakini si wangu peke yangu.

Daktari amesema mwezi huu usiishe kabla hajapasuliwa. Na karatasi ya tatu siielewi hata nusu, na uliyesema zote zinafanana ni wewe. Nimeikopi, imo ndani.

Fundi.


Nyumba za walimu,
Tarehe 11, mwezi wa nne

Babu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nilikudanganya. Nilipolifikia neno lile kalamu ilisimama. Nilimwona bibi mlangoni mwa jikoni. Nikiwa mtoto nilikuwa nacheza mbali makusudi ili aniite, wenzangu wote waisikie, wajue mimi nina mtu wa kuniita vile. Nikajua akiambiwa sauti inaweza kwenda moja kwa moja atasema niacheni nife nayo. Kwa hiyo nikakata kichwa cha neno nikakitupa. Nilidhani nitakuja kuungama akishapona.

Kuna kichwa nilikufundisha mwisho, "mis". "Lead" ni kuongoza. Ukiviunga unapata nilichokufanyia.

Kuhusu mama sina la kuandika bado. Nimekaa na barua yako siku nzima. Miaka yote nimekuwa nikiogopa homa.

Hii hapa karatasi ya tatu, kila neno, na sijaficha kitu. Inasema uvimbe ukiwa umezunguka mishipa ya sauti, uwezekano wa sauti kupotea ni mkubwa zaidi. Inasema upasuaji ukishindikana kumalizika, "incomplete", huenda akahitaji kurudiwa, "reoperation". Inasema bila kupasuliwa njia ya hewa itazibwa, na hapo hakuna maneno marefu, wameandika "death", nawe unalijua. Inasema mgonjwa anaweza kubadili mawazo wakati wowote kabla ya kulazwa usingizi. Kisha ni: nimeelezwa, nimeelewa, nimekubali.

Usiniamini. Chukua kamusi, hakiki kila neno. Kisha msomee. Sitasema weka saini wala usiweke. Msomee tu, haraka, babu, nakusihi, hata ukikwama ruka kiunganishi, usiruke neno zito.

Nimemwomba mkuu wa shule ruhusa. Amesema nichague, safari au nafasi. Sijachagua. Naogopa kuja nikakuta kimya.

Mjukuu wako, kama bado ni mjukuu.


Wodini,
Tarehe 30, mwezi wa nne

Kwa mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Marahaba. Marahaba tena kwa ile ya nyuma niliyokuwa sijaitikia. Benchi la wodini nimelikaza, sasa hata mkalie watano. Paka amehama na watoto wake, ameniachia manyoya.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Nilihakiki siku moja na nusu. Umeandika kweli, neno kwa neno, isipokuwa moja umeliweka vizuri kuliko kamusi.

Nikaenda wodini na karatasi tatu. Nikavuta kigoda kitandani kwa bibi yako. Nikaanza. Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, mstari mmoja mmoja, kwa sauti, kwa sababu mluzi wake ulikuwa unanizidi. Mama wa kitanda cha pili akazima redio. Nesi akaja na sindano zake akasimama, hakuondoka. Nilisoma zaidi ya saa nzima. Sijisifu, lakini hakuna aliyekohoa.

Nikafika kwenye neno lile. Nikanyamaza.

Bibi akasema, "Mbona umesimama?"

"Napumzika."

"Hupumziki. Umefika penye baya. Soma."

Nikasoma. Sauti inaweza kupotea, isirudi tena.

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, akikata maneno kwa pumzi, "Hapa ndipo mtoto alipoficha?"

"Ndipo hapa."

"Amenitendea kama nilivyokuwa namtendea mimi. Namshika mkono, namwambia sindano haiumi." Akapumua mara tatu nne. "Mwambie ilikuwa inauma, nilijua."

Nikamaliza karatasi ya tatu. Nilipofika kwenye "death" sikusimama, nilipita nalo moja kwa moja kama msumeno. Nikamwambia basi, mama, ndiyo yote. Akauliza, "Nikienda kimya, nani atakuita ule?"

"Nitakuja mwenyewe."

"Miaka arobaini na saba hujaja mwenyewe hata siku moja."

Nesi akacheka, akageukia dirishani. Kisha bibi yako akasema, "Leteni wino." Akakandamiza kidole gumba chake, akakiinua, akakitazama kile kidole chenyewe badala ya karatasi. Akasema, "Hiki kimeambiwa."

Mimi niliandika jina langu lote, herufi zote, hakuna hata moja iliyogeuka nyuma.

Walimchukua kesho yake asubuhi kwenye kitanda cha magurudumu, gurudumu moja linayumba. Nilikwenda naye mpaka mlango ule wasipoturuhusu. Alipofika pale akamshika mwanamume anayesukuma, akamwambia angoje. Akavuta hewa, nikaona mishipa ya shingo inasimama. Akaita. Si kama zamani, lakini aliita, na watu wa korido waligeuka. "Fundi. Njoo ule."

Wakamwingiza.

Amepona, mjukuu wangu. Anapumua na huwezi kusikia anapumua. Analala amejinyoosha kama mtu. Mtungi wameupeleka kwa mwingine. Ila leo ni siku ya tisa, na midomo inacheza, na hakuna kinachotoka, hata cha kunong'ona.

Daktari alinieleza vizuri, na hakuficha, kwa sababu sasa anajua nasoma. Uvimbe ulikuwa umeshaizunguka mishipa ya sauti pande zote mbili. Akasema mwezi wa pili ulikuwa haujafika huko. Alisema hivyo tu akaendelea na mengine, hakunilaumu. Wewe nakwambia. Ule uongo wako ulikula siku kadhaa. Miezi ni yangu. Usinisaidie kuibeba, sitaki kugawana.

Alisema tusubiri miezi sita, lakini tusitegemee. Akanirudishia nakala ya fomu. Niliikunjua hapa kitandani, bibi akiangalia. Nikalitafuta lile neno. Nikatoa penseli ya sikioni, nikaweka mstari kwenye kile kichwa cha mbele, "ir", nikakikata mara moja, nikarudia, mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwonyesha lililobaki. Nikamwambia, hiki kiliungwa na mtu, na kitu kilichoungwa na mtu mimi nimekibandua maisha yangu yote. Najua karatasi haisikii. Najua unachotaka kusema. Nimekata hata hivyo.

Mke mwenzio akacheka. Mabega yakacheka, uso ukacheka.

Sasa tunaongea kwa kugonga. Anagonga ukingo wa kitanda kwa kifundo cha kidole, mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mbao zangu zingetoa mlio mzuri zaidi, hiki cha kwao ni bomba la chuma. Leo nimemsomea barua yako yote, na ya mama yako, ambayo bado hujaweza kuyaandika, nimemweleza kuwa sasa unayajua. Kisha nikamuuliza, tumwandikie aje, hata kama ataiacha kazi yake?

Akagonga mara mbili. Nikaanza kukunja karatasi. Akagonga mara moja.

Sijui hiyo ya tatu niiunge na zile mbili ibaki hapana, au niiache isimame peke yake iwe ndiyo. Nimemuuliza tena, amefumba macho, hataki kurudia. Unamjua. Wewe ndiye mwalimu, nakuachia. Mimi kesho narudi karakana, kuna kitanda kimoja nimeshaanza kukiranda, cha mtu wa urefu wako.

Babu yako.